Kazi ya Kusimamia Bidhaa Huanzia kwa Mnunuzi

Miongoni mwa kazi ambazo vijana wetu wa Kigali, Nairobi na Dar es Salaam wanazitamani katika zama hizi, iko moja ambayo wazazi wao hawaijui, na ambayo hata wao wenyewe wanaoitamani aghalabu hawawezi kuieleza mbele ya wazee wakaeleweka, nayo ni kazi ya meneja wa bidhaa. Mhandisi anajulikana kwa kuwa huunda, mhasibu anajulikana kwa kuwa huhesabu, na muuzaji naye anajulikana kwa kuwa huuza. Lakini huyu ambaye haundi, hahesabu wala hauzi, tena hana amri juu ya yeyote kati ya hao watatu, kisha akawa ndiye anayeulizwa bidhaa inapokataliwa na wanunuzi, ni nani hasa, na mtu huifikiaje daraja yake? Nitalijibu swali hili kwa kadiri ya maarifa yangu, na nitalijibu nikiwa hapa Gisozi, kwa sababu nimesadiki kwamba njia ya kazi hii hupita katika karakana na vibanda kabla ya kufika kwenye maghorofa ya vioo, na kwamba makampuni yetu yamekosea sana kuifunga njia hiyo.

Gisozi, katika wilaya ya Gasabo, ulimwengu unaijua kwa Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari yaliyotendwa dhidi ya Watutsi mwaka 1994, uliofunguliwa mwaka 2004, ambako wamelazwa watu zaidi ya 250,000. Na kila mwandishi atajaye jina la mahali hapa ana wajibu wa kulitaja hilo kwa taadhima kabla hajasema neno jingine. Wakazi wa Kigali, hata hivyo, wanapotaka kitanda, kabati, meza ya kulia au mlango wa nyumba, huijua Gisozi kwa sababu ya pili, nayo ni Gakiriro, soko kubwa la maseremala na wafua vyuma waliohamishiwa huku kutoka Gakinjiro, karibu na katikati ya mji, na ambao leo hufanya kazi zao bega kwa bega katika vyama vya ushirika, mashine za randa zikivuma tangu asubuhi, vumbi la mbao likitanda juu ya kila kitu, na makochi yaliyokwisha kuvikwa vitambaa yakingoja wenye kuyanunua. Humo ndani, bila ya cheo wala mshahara wa cheo, wamo watu wanaoifanya kazi ya kusimamia bidhaa kila siku ya Mungu.

Kazi hiyo ina dhima gani? Mfano wake katika maisha yetu ni mshenga, ambaye haolewi wala haoi, hana haki ya kumlazimisha baba wa binti wala ya kumwamrisha bwana harusi, lakini asipozijua nyumba zote mbili, tabia zao, uwezo wao na yale wasiyoyasema hadharani, ndoa haifungwi. Meneja wa bidhaa naye husimama baina ya mushtari mwenye haja yake, fundi mwenye ustadi wake, na mwenye mali anayetaka kuona faida. Huamua, au tuseme huwashawishi wengine waamue, ni kitu gani kitengenezwe kwanza, kipi kingoje, na kipi kisitengenezwe kabisa. Na silaha yake ya pekee katika ushawishi huo ni kuwa anamjua mnunuzi kuliko mtu yeyote aliyeketi katika chumba kile.

Wako wanaodhani kwamba kazi hii ilizaliwa pamoja na kompyuta, ilhali ilizaliwa katika sabuni. Mwaka 1931, Neil McElroy, aliyekuwa akisimamia matangazo ya sabuni ya Camay katika kampuni ya Procter & Gamble huko Cincinnati, Marekani, aliona bidhaa yake ikifunikwa na ndugu yake mkubwa, sabuni ya Ivory ya kampuni hiyo hiyo, akawaandikia wakubwa wake waraka akitaka kila bidhaa iwe na mtu wake wa kuibebea dhamana. Ukiusoma waraka ule leo utastaajabu jinsi unavyowachukua watu hao nje ya ofisi: walitakiwa wachunguze ni wapi bidhaa inanunuliwa na ni wapi imelala, kisha waende kule ilikolala, wazungumze na wenye maduka, wajue taabu iko wapi, ndipo warudi na dawa. McElroy alipanda hadi kuiongoza kampuni nzima, na mwaka 1957 akawa waziri wa ulinzi wa nchi yake. Wanaoisifu historia hiyo huikumbuka zaidi ngazi aliyoipanda kuliko maduka yale ambayo watu wake walitumwa kuyazuru.

Turudi Gakiriro, nikuonyeshe jambo moja kwa karibu. Mama mmoja alikuja kununua kabati la nguo la mbao za libuyu, zile zitokazo Kongo, kabati zuri lenye milango mitatu na kioo, na bei wameshapatana. Alipotia mkono mkobani kutoa simu ili alipe, akasita.

"Fundi, hili litapita mlangoni kwangu kweli?"

"Mlango wako una upana gani, Mama?"

Mama akanyoosha mikono yake mbele, viganja vikitazamana, akasema, "Hivi." Fundi hakucheka wala hakusema rudi nyumbani ukapime, alichukua futi yake, akapima baina ya viganja vile viwili, akakipima na kina cha kabati, akatikisa kichwa.

"Halipiti, Mama. Hata likipita mlango huu, siku utakapohama halitapita ule. Nipe siku chache nikutengenezee la kufungwa kwa bolti. Mtalibeba vipande vipande, mtaliunga ndani kwa ndani."

Katika maneno hayo machache imo elimu yote ya kazi ninayoizungumzia. Fundi alijua kwamba wateja wake wengi ni wapangaji, na mpangaji wa Kigali huhama; alijua kwamba nyumba nyingi za milimani hazifikiwi na gari, hata mzigo ukafika kichwani mwa mtu kwenye vijia vya ngazi; alijua kwamba kabati lililokwama mlangoni hurudishwa likiwa limechubuka, na kwamba mama yule angewasimulia jirani zake wote. Akaikataa fedha iliyokuwa tayari mkononi ili aipate kesho fedha iliyo halali zaidi. Na baada ya hapo ilikuwaje? Makabati ya bolti yakaanza kuwekwa mbele ya kibanda, yale ya kuungwa kwa gundi yakasogezwa nyuma.

Katika kibanda hicho hicho yuko msichana aliyemaliza sekondari, kazi yake kupokea wateja na kuandika stakabadhi, naye ana daftari la shule ambalo katika ukurasa mmoja huandika kilichouzwa na katika ukurasa wa pili, kwa hiari yake mwenyewe, huandika kilichoulizwa kikakosekana, pamoja na sababu iliyomfanya mteja aondoke mikono mitupu. Vitanda vya watoto vyenye droo chini. Meza ya kusomea isiyozidi upana wa dirisha. Mteja amesema mbao ni mbichi, aliwahi kununua za namna hiyo, zikapasuka kiangazi cha Julai. Nimeliona daftari hilo, na nasema kwa kinywa kipana kwamba ziko kampuni za programu katika mji huu, zenye wahandisi kumi na mashine za kahawa, ambazo hazina kumbukumbu ya wateja wao yenye nusu ya thamani ya ukurasa ule wa pili. Msichana yule akiomba kazi ya kusimamia bidhaa katika kampuni hizo, barua yake haitafunguliwa.

Kosa liko hapo. Matangazo ya kazi hizi yanataka shahada, yanataka miaka kadhaa ya kukikalia cheo hicho hicho, yanataka vyeti vinavyonunuliwa kwa dola kutoka ng'ambo, na yanataka Kiingereza kilichonyooka. Hayaulizi kama mwombaji amewahi kusimama mbele ya mtu anayesita kutoa fedha yake, akaelewa kwa nini anasita. Matokeo yake ni kwamba wenye kuingia ni wale waliosoma namna bidhaa zinavyosimamiwa California, nao huanza kuwatengenezea watu wa Kimironko na Nyabugogo, hapa hapa Kigali, vitu vya California. Sikusudii kuwadharau wenye elimu. Chuo cha Carnegie Mellon kilichopo Kigali kimewatoa wahandisi stadi, na kLab, tangu ilipofunguliwa mwaka 2012, imewapa vijana wengi mahali pa kukutana na kujaribu mawazo yao. Hayo ni mema, na yazidi. Ninachokidai ni kwamba elimu ile ifundishwe pia kwa wale ambao tayari wana hii nyingine ya kumjua mnunuzi, kwa kuwa ya darasani ina walimu na vitabu na hupatikana kwa miaka miwili, na hii ya pili haipatikani ila kwa kukaa na watu.

Atakayeona natia chumvi na ailinganishe hoja yangu na historia ya M-Pesa, ambayo ni fahari ya Afrika Mashariki yote na ambayo husimuliwa kila mara kuanzia mwisho wake. Wazo la kwanza, lililotoka Vodafone ya Uingereza chini ya Nick Hughes, likisaidiwa na fedha za serikali ya nchi hiyo, halikuwa kutumiana pesa. Lilikuwa ni kuwawezesha wakopaji wadogo wa taasisi ya Faulu Kenya kupokea mikopo yao na kuirejesha kwa simu. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja takriban 500, na Susie Lonie, mtaalamu wa Vodafone aliyepewa dhamana ya kuyaendesha, alikaa Kenya akiyatazama kwa macho yake. Ndipo yakaonekana mambo ambayo hayakuwamo katika karatasi yoyote. Wakopaji walikuwa wakiwatumia pesa jamaa zao. Wafanyabiashara wadogo walikuwa wakilipana wao kwa wao. Wengine walikuwa wakiweka fedha kwa wakala kabla ya kushika njia, wakaitoa walikokwenda, ili wasisafiri nayo mfukoni; na wengine wakailaza humo usiku kucha kwa kuwa ni salama kuliko chini ya godoro. Upande wa mikopo, ambao ndio uliokusudiwa, ulikuwa unawatesa wahasibu wa Faulu, maana hesabu za vikundi vyao, zilizozoea kufungwa katika mkutano wa wanachama, hazikukubaliana kwa urahisi na hesabu za simu.

Hapo mtu mwingine angefanyaje? Angeweza kuwaambia wateja kwamba wanaitumia huduma vibaya. Angeweza kutengeneza kanuni za kuwazuia. Wengi wetu, tukishaipenda kazi ya mikono yetu, hufanya hivyo hasa. Waendeshaji wa majaribio yale walichagua kuyaamini macho yao: mikopo ikawekwa kando, kutuma pesa kukawekwa mbele, na kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma hiyo kwa umma mwezi Machi 2007, tangazo lake lilimwambia mtu jambo moja tu, atume pesa nyumbani. Kila mfanyakazi wa Nairobi aliyekuwa akimpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama yake kijijini alielewa mara moja. Uamuzi wa namna ile ndio kazi ya meneja wa bidhaa katika ukamilifu wake, na ulitokana na kukaa karibu na watu wale 500 kwa muda wa kutosha.

Tena historia haikukoma hapo. Mwaka uliofuata, 2008, Vodacom iliipeleka M-Pesa Tanzania, jina lile lile na wazo lile lile, ikawa inakwenda kwa mwendo wa polepole mno ukilinganisha na Kenya, hata baadhi ya watu wakaanza kunong'ona kwamba Watanzania hawataki. Taabu haikuwa kwa Watanzania. Nchi ni pana, miji yake imetawanyika, Vodacom haikuwa imelishika soko kama Safaricom ilivyolishika la Kenya, na mpango wa mawakala uliofaa Nairobi haukufaa kule. Ulipotengenezwa upya, pamoja na ada, huduma ikashika. Asiyeyatazama haya atadhani kwamba bidhaa nzuri husafiri na uzuri wake kama mtu asafirivyo na sanduku lake.

Hapa Rwanda pia tumeyaona kwa macho. Huduma ya pesa kwa simu ilianzishwa na MTN mwaka 2010, ikakua kwa utaratibu wake, lakini Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na ada za kutumiana pesa zikaondolewa kwa muda, matumizi yalipaa kwa namna ambayo matangazo ya miaka kumi hayakuweza kuileta. Watu walikuwa wanaijua huduma na wanaiamini. Kilichowazuia kutuma kiasi kidogo kidogo ni ada. Mtu aliyeketi katika kibanda cha wakala angeweza kulisema hilo mapema, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwasikia wateja wakiuliza makato ni kiasi gani kabla ya kutoa noti.

Sasa nikiri kwa insafu kwamba kumjua mnunuzi, peke yake, hakutoshi, na kijana anayeitaka kazi hii asidanganyike kwamba huruma itamvusha bila ya hesabu. Babyl, iliyoanza nchini mwetu mwaka 2016, iliwawezesha watu kupata daktari kwa simu, hata simu ya kawaida isiyo na intaneti, na watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha. Iliwafikia waliokusudiwa, nao waliitaka. Lakini kampuni mama, Babylon ya Uingereza, ilianguka mwaka 2023, na huduma ya hapa ikakoma pamoja nayo, kwa kuwa mizizi ya fedha yake ilikuwa baidi na wagonjwa wake. Meneja wa bidhaa lazima aweze kuusoma urari wa hesabu, ajue kila mteja anagharimu kiasi gani kumhudumia na analeta kiasi gani, na ajue fedha inayofunika tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa nani na itadumu hadi lini. Lazima pia ajue ya uhandisi kwa kiasi cha kutambua lipi ni kazi ya siku mbili na lipi ni kazi ya miezi sita, hata asiwe ni mtu wa kuwaahidi wateja mambo ambayo mafundi wake watayalipia kwa usingizi wao. Fundi wa Gakiriro hamwamini msimamizi asiyejua tofauti ya libuyu na msonobari, na mhandisi wa programu ana haki hiyo hiyo.

Liko jambo jingine, ambalo vitabu vya ng'ambo hulipita haraka na ambalo kwetu ni zito kuliko yote, nalo ni kumwambia mkubwa hapana. Sisi tumelelewa katika adabu. Mdogo hamkatizi mkubwa, na mkurugenzi akisema jambo katika mkutano, wengi hutikisa kichwa kwa kukubali, kisha wakatoka nje wakanong'onezana kwamba halitafaa. Adabu hiyo mimi siivunji, na simshauri mtu aivunje. Lakini bidhaa nyingi za nchi zetu zimekufa kwa ukimya wa mkutanoni: mkurugenzi ameona kitu safarini, amekipenda, ameagiza kitengenezwe, na hakuna aliyethubutu kusema kwamba wateja hawajakiuliza hata mara moja. Msimamizi aliyefunzwa vizuri hamjibu mkubwa kwa rai yake mwenyewe, kwa kuwa rai ya mdogo mbele ya rai ya mkubwa haina uzani. Humletea maneno ya wanunuzi. "Mkurugenzi, kwa heshima yako, nimekaa na mawakala juma zima, na haya ndiyo waliyoulizwa na watu." Mkubwa mwenye akili humkasirikia mdogo anayembishia, lakini humsikiliza mnunuzi, maana anajua mshahara wa wote wawili, mkubwa na mdogo, unatoka huko. Na anayeweza kuyaleta maneno ya wanunuzi kwa ukweli na kwa adabu, bila ya kuyatia chumvi wala kuyapunguza, ndiye aliyewazoea wanunuzi hao kabla ya kupewa cheo.

Nirudi Gakiriro kwa jambo la huzuni. Moto umeliunguza soko hili zaidi ya mara moja, ukiwamo ule wa Agosti 2021, na kila mara maseremala wameonekana wakisimama mbele ya majivu ya mbao, mashine na makochi yaliyokuwa yakingoja wenyewe, mitaji yao ikiwa imeteketea kwa saa chache, na habari za magazetini zikisimulia kwamba wengi hawakuwa na bima. Watu hulaumu: kwa nini hawakukata bima? Mimi nauliza swali jingine. Ni kampuni gani ya bima iliyomtuma mtu wake akae Gakiriro, ajue kwamba mali ya seremala leo ni mbao, kesho ni kitanda, na keshokutwa ni deni la mteja ambaye hajamaliza kulipa? Kwamba kipato chake hakiji mwisho wa mwezi, huja siku kitanda kinapochukuliwa. Kwamba vibanda vimeshikana hata uzembe wa mmoja ni hasara ya wote, hivyo huenda chama kizima ndicho kifaacho kukatiwa bima badala ya mtu mmoja mmoja. Na kwamba fomu ya kurasa nyingi katika lugha asiyoisoma vizuri haitajazwa na mtu mwenye gundi mikononi. Bidhaa ya bima iliyoundwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi, kisha ikaletwa sokoni ikiwa imebadilishwa jalada tu, haikatai kununuliwa kwa sababu ya ujinga wa wanunuzi. Imekosa mtu wa kuisimamia. Na mtu huyo, nikiulizwa, ningemtafuta kwanza miongoni mwa makarani wa vyama vya ushirika vya hapa hapa, wanaojua nani analipa siku gani na nani anamdhamini nani.

Wako pia watakaosema kwamba soko la Rwanda ni dogo, watu milioni 13.2 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na kwamba kazi za namna hii zitabaki chache siku zote. Udogo huo ni kweli ukiutazama mpaka, lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Goma iko mlangoni mwetu, Bujumbura na Bukavu haziko mbali, na lugha ninayoiandika hivi sasa, ambayo Rwanda ilikubali kuifanya lugha rasmi mwaka 2017, inasikika katika masoko yote hayo. Msimamizi wa bidhaa wa Kigali anayekijua Kiswahili anaweza kuketi na muuza duka wa Goma akamsikiliza bila ya mkalimani. Nawashangaa wenye makampuni wanaoandika sharti la Kifaransa na Kiingereza katika matangazo yao wakaiacha lugha ambayo wateja wa jirani huitumia kulalamika.

Basi kijana aliye Gisozi, au Kariakoo, au Gikomba, anayeitaka kazi hii, namshauri asingoje cheo ndipo aanze. Achukue bidhaa moja iliyo karibu naye, iwe ya mjomba wake au ya mwajiri wake, aandike kila siku kwa nini watu waliinunua na hasa kwa nini waliiacha. Ajifunze kuandika ukurasa mmoja ulionyooka ambao mtu mwenye haraka ataumaliza na kuamua. Ajifunze hesabu za faida na hasara kwa mtu aliyekwisha kufunga daftari la duka. Akae na mafundi mpaka waache kumwona mgeni. Apendekeze badiliko moja, alisimamie, kisha arudi kuangalia kama limefaa, na lisipofaa aseme halikufaa. Mwenye kufanya hivyo kwa mwaka mmoja tayari anaifanya kazi yenyewe, hata kama karatasi ya mshahara wake inamwita karani.

Na ninyi wenye makampuni ya Kigali na miji jirani, mabenki, bima, kampuni za simu na za programu, nawaomba jambo ambalo halitawagharimu sana. Nafasi ya meneja wa bidhaa itakapokuwa wazi tena, itangazeni kwanza kwa wale wanaopokea simu za malalamiko, kwa mawakala, kwa makarani wa kaunta na wa vyama vya ushirika. Ondoeni sharti la kukikalia cheo hicho kabla, mwombeni kila mwombaji, awe na shahada au asiwe nayo, akae na wateja wenu kwa juma moja, kisha alete kwa maandishi kile alichokiona. Mtakayemchagua kwa njia hiyo mfundisheni yale asiyoyajua ya kompyuta na ya hesabu, na mlipeni mshahara ule ule ambao mngemlipa aliyetoka ng'ambo.